Sura ya Sita: Pipa Lenye Neno Sumu

"Nilimwambia kwa mdomo wangu huu," Mama Stoo alisema. "Alhamisi, saa kumi jioni, pipa bado liko juu ya toroli. Nikamwambia, kaka, ya safari hii ni kweli. Waambie wenzako."

"Naye Fundi Pamba anasema hukumwambia kitu," Inspekta, mwanamke aliyekaa mbele yake, akajibu.

"Basi mmoja wetu ni mwongo."

"Ndiyo. Na nina mpaka saa nane mchana kujua ni yupi."

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja iliyochubuka, viti vitatu visivyofanana, na dirisha lililowekwa juu mno kiasi kwamba aliyekaa aliona mawingu tu. Saa nane Mama Stoo angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua watu wawili. Shtaka hilo halina dhamana.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa ametunza stoo ya karakana ya samani: mbao, misumari, gundi, msasa, vanishi. Jumamosi iliyopita, baada ya kazi, wapiga vanishi watatu walikunywa spiriti ya kuyeyushia vanishi. Haikuwa mara ya kwanza. Kila mtu pale alijua kwamba wapiga vanishi huinywa, kama kila mtu anavyojua paa linavuja na hakuna anayepanda kuliziba. Lakini safari hii ilikuwa spiriti nyingine, na kufika Jumapili adhuhuri wawili walikuwa wamekufa. Mmoja aliitwa Kipara. Wa pili alikuwa mdogo wake Mama Stoo, tumbo moja.

Inspekta alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa nakala ya risiti kutoka duka la kemikali. "Soma hapo chini."

"Sihitaji kusoma. 'Methanoli, pipa moja. Mteja ameomba isiyonyweka.' Nilisimama pale anaandika."

"Muuzaji anasema alikuonya kwamba inaua."

"Alinionya. Ndiyo maana nikaichukua."

Koplo, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika. Alikuwa mtu mzima, kitambi mbele, miwani kwenye ncha ya pua. "Mama, unajisikia unavyosema?"

"Najisikia, baba. Ile spiriti ya zamani ya zambarau walikuwa na njia zao za kuichuja. Nikifunga kufuli wanavunja, nikimwambia bosi ananiambia mradi makabati yanatoka. Mdogo wangu saa tatu asubuhi hawezi kushika kikombe kwa mikono miwili. Jumatano aliangusha mlango wa kabati la mteja, kioo chote chini. Nikasema nitafute kitu ambacho mtu akiambiwa ni kifo, ataogopa." Akairudisha ile karatasi kwa Inspekta. "Nilidhani watu wote wanaogopa kifo."

"Na siku hiyohiyo ya Jumatano ulisema mbele ya watu wote: safari hii mtanikoma."

"Nilisema."

"Pipa liliwekwa wapi?"

"Stoo, penye mapipa siku zote. Nikaliandika SUMU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa hivi."

Inspekta alifunga jalada. Alipofika mlangoni Mama Stoo akamwita. "Afande. Leo wanamzika saa nne."

"Najua."

"Haiwezekani hata kwa pingu?"

"Kwa shtaka hili, haiwezekani. Pole, dada."

Nje, Koplo alikuwa anatafuta ufunguo wa gari kwenye mifuko yote aliyojaliwa. "Afande, kesi hii imeiva. Ameomba sumu, kaletewa sumu, ameandika sumu, na kabla ya hapo katishia watu. Kilichobaki ni kupakua."

"Chungu kikiiva haraka namna hiyo, Koplo, funua uone kama ndani si kibichi."

*

Aliyebaki hai walimwita Msasa, kwa sauti yake ya kukwaruza. Alilazwa hospitali, kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Mama yake alikaa pembeni ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akimnywesha kidogokidogo kwa sababu mikono ya mwanawe ilitetemeka mno. Macho ya Msasa yalikuwa wazi, yakitazama juu kidogo ya kichwa cha Inspekta.

"Ni nani?"

"Polisi."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja mnene," Msasa alisema. "Nasikia sakafu."

"Huyu yu mzima kabisa," Koplo akanong'ona.

"Masikio yamebaki, mkubwa. Macho ndiyo yameniaga. Si giza, maana watu wananiuliza giza liko vipi. Ni kama nimefunikwa shuka jeupe, na kila nikilifunua kuna lingine." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Unajua dawa waliyonipa Jumamosi? Pombe. Pombe ya hospitali, kwa mpira, mshipani. Daktari anasema ndiyo inayozuia ile nyingine. Maisha yangu yote sijawahi kulewa bila kuonja."

"Nyamaza," mama yake alisema. "Mwenzako anazikwa leo wewe unafanya mzaha."

"Nifanye nini kingine, mama? Nisome gazeti?"

Inspekta alivuta kiti. "Nani alitoa ile spiriti stoo?"

"Marehemu. Mdogo wake Mama Stoo. Alikuwa na ufunguo wake wa siri, sote tulijua."

"Pipa lilikuwa limeandikwa SUMU. Mliona?"

"Tuliona."

"Mkanywa."

"Afande, ukitembea karakana ile utaelewa. Mimi sitakueleza." Akageuza uso ukutani. "Mama Stoo alisema atatukomesha. Ametukomesha. Andika hivyo."

"Haikuwa ya zambarau kama siku zote. Ilikuwa nyeupe kama maji. Hakuna aliyeuliza?"

"Tulijua ni safi."

"Mlijuaje?"

Mama yake alimtazama, kisha akamtazama Inspekta, kisha akatazama chai.

"Mlijuaje, Msasa?"

"Mtu akikaa miaka na kitu anakijua." Akaanza kupapasa shuka kama anatafuta kitu kilichoanguka. "Mkubwa mnene, huna hata kidogo mfukoni? Tone tu. Mwili unanila."

"Sina, ndugu yangu."

"Na ungekuwa nacho usingenipa. Sawa." Alipumua. "Mwambieni Fundi Pamba asihangaike kuja kuniona."

"Kwani alikuja?" Inspekta aliuliza.

"Hajaja. Ndiyo maana nasema."

Kwenye korido mama yake aliwafuata, kikombe bado mkononi. "Mwanangu alifundishwa kazi na huyo Fundi Pamba," alisema kwa sauti ya chini. "Wote watatu aliwafundisha yeye. Alipoacha pombe nikasema Mungu mkubwa, na wanangu hawa wataona njia. Mpaka shuleni wanamwita akaongee na watoto. Msimsumbue mzee wa watu."

"Hatumsumbui," Inspekta alisema. "Tunakwenda kumsalimu."

*

Karakana ilikuwa tupu. Misumeno ilinyamaza, vumbi la mbao limelala juu ya meza za kazi. Watu wote walikuwa mazikoni, isipokuwa mlinzi wa getini, na mtu mmoja aliyesikika nyuma ya banda akisugua kitu.

"Nani yuko huko?"

"Fundi Pamba," mlinzi alisema. "Anamalizia jeneza la Kipara. Kesho ndiyo zamu yake."

"Hakwenda kumzika kijana wake?"

"Amesema jeneza halijipigi vanishi lenyewe." Mlinzi alikunja midomo. "Kweli halijipigi. Lakini nami nimeshangaa, mama."

Inspekta alianzia stoo. Pipa lenyewe lilikwisha kuchukuliwa na watu wa maabara. Mahali pake palibaki duara sakafuni. Koplo, aliyeamka bila kifungua kinywa, aliona birika la umeme kwenye kona na vikombe vimefunikwa kwa kitambaa safi. Akamwomba mlinzi ruhusa, akachemsha maji, akatafuta sukari. Alipoinua kopo la bati akaganda.

"Afande."

Kopo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu: SUMU.

Mlinzi aliangua kicheko. "Weka tu, mkubwa. Hiyo ni sukari."

"Sukari?"

"Sukari ya Mama Stoo. Asipoandika hivyo mpaka jioni hakuna hata chembe. Watu wa hapa wana vidole virefu. Tazama na sabuni ile."

Inspekta alitazama. Ndoo ya sabuni ya unga: SUMU. Makopo ya gundi: SUMU. Bati la biskuti: SUMU. Chupa ya chai ya Mama Stoo mwenyewe, yenye maua: SUMU, herufi ndogo kwa sababu chupa ni nyembamba. Alihesabu kumi na moja, zote mkono uleule, zingine rangi imefifia kwa miaka.

"Watu walikuwa wanacheka?"

"Mama, tulishazoea. Mtu akienda kunywa chai anasema, ngoja nikanywe sumu."

Koplo alirudisha kopo la sukari rafuni. Chai aliinywa bila sukari.

Juu ya meza ya stoo kulikuwa na madaftari matatu yamepangwa sawasawa: vinavyoingia, vinavyotoka, na jembamba lenye jalada la kijani lililoandikwa "Ajali". Inspekta alifungua la kijani. Mama Stoo aliandika kila plasta aliyoitoa, hata ya mkwaruzo. Kidole gani, saa ngapi, sababu gani. Inspekta alifuata mistari kwa ncha ya kalamu mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya kile kinywaji, akasoma mara mbili.

"Mzee," akamwuliza mlinzi, "jiko la gundi liko wapi?"

"Jiko la gundi? Hilo liliuzwa chuma chakavu mwaka juzi. Siku hizi gundi ni ya kopo, unafungua unapaka. Baridi kama maji ya mtungi."

"Asante. Chumba cha vanishi ni kipi?"

Kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Chumba kirefu, madirisha makubwa upande wa mashariki ili mpigaji aone mng'ao wa mbao yake. Mlangoni kulikuwa na tangazo: MOTO MARUFUKU. ATAKAYEKUTWA NA KIBERITI AMEJIFUKUZISHA KAZI. Mivuke ya spiriti bado ilikaa hewani na kuchoma pua. Inspekta alipita taratibu, akainua kopo hili na lile. Nyuma ya kopo kubwa la vanishi, kwenye ukingo wa dirisha la mwisho, alikuta kijiko cha chuma na njiti za kiberiti.

"Usiguse," alimwambia Koplo. "Hesabu."

"Sita. Tano zimeungua mpaka mwisho, moja nusu."

"Kipisi cha sigara?"

Koplo alichutama, akaangalia chini ya meza, akaangalia nje ya dirisha. Akasimama kwa taabu. "Hakuna hata kimoja."

Kijiko kilikuwa na madoa ya zambarau, doa juu ya doa, mengine ya zamani kiasi cha kuganda kama rangi.

"Kijiko hiki kimefanya kazi miaka," Inspekta alisema. "Mtu anachoma spiriti humu. Anatazama moto wake."

"Kuipima?"

"Kuipima. Kwa ya zambarau njiti moja inatosha. Sasa nani angehitaji sita?"

Koplo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mtu ambaye moto wake haumpi jibu."

"Mtaalamu wa maabara alituambia nini jana kuhusu methanoli?"

"Kwamba ikiwaka kwenye mwanga wa mchana, moto wake karibu huuoni."

Walifunga kijiko na njiti kwenye bahasha mbili, wakaandika saa na mahali, mlinzi akaweka sahihi kama shahidi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

*

Jeneza lilikuwa juu ya meza mbili za kazi. Fundi Pamba alikuwa mwembamba, ameinama, mvi zimekatwa fupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mkono wake wa kulia ulizungusha tonge la pamba lililofungwa kitambaani, duara juu ya duara, bila kukwama mahali. Alitumia vanishi ya maji, kwani ile nyingine yote ilikuwa imekamatwa. Kwenye gumba na kidole cha shahada cha mkono huo kulikuwa na plasta mbili.

"Shikamoo, fundi," Inspekta alisema.

"Marahaba. Nilishatoa maelezo Jumapili, mwanangu."

"Nimekuja nayo." Akafunua karatasi. "Umesema hukujua kuna pipa jipya mpaka Jumamosi usiku ulipoitwa hospitali. Umesema Mama Stoo hakukwambia neno. Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Kidole kinaendeleaje?"

Tonge la pamba lilizunguka. "Kinapona."

"Kilipata nini?"

"Gundi ya moto."

"Ndivyo ulivyomwambia Mama Stoo Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ameandika: malengelenge, gumba na shahada, plasta mbili, gundi ya moto. Naye hakukuuliza. Alikuheshimu. Jiko la gundi liliuzwa mwaka juzi, fundi."

Mkono haukusimama, ila duara lilipungua.

"Nimetoka chumba cha vanishi," Inspekta aliendelea. "Kuna kijiko dirishani, na njiti sita."

"Vijana wanavuta sigara humo. Nimewakataza mara ngapi."

"Sigara bila kipisi? Bila majivu? Na kijiko cha nini?"

Nje mlinzi alikohoa.

"Fundi, nitakwambia ninavyoona, unirekebishe. Ijumaa asubuhi, kabla wenzako hawajafika, ulichota tone la pipa jipya. Ukaliwasha. Hukuona moto. Ukadhani halikushika. Ukawasha tena. Mara ya sita ukasogeza vidole uone kama kuna joto."

Fundi Pamba aliweka tonge la pamba juu ya kifuniko cha kopo, taratibu, ili lisipate vumbi. Akafungua mkono, akatazama zile plasta.

"Miaka mitatu na miezi minne sijagusa hata tone," alisema. "Muulize yeyote."

"Sijauliza kama umegusa."

"Wao hawakuacha. Nimewasihi, nimewatukana, nimewalilia. Mkono wa mpiga vanishi asiyekunywa baada ya kuzoea unatetemeka, na vanishi haitaki mkono unaotetemeka. Anaweka alama. Bosi anapiga kelele. Basi anakunywa ili afanye kazi, anafanya kazi ili anywe. Nikasema, kama hawaachi, angalau wasife. Moto wa njano wenye moshi, mwaga. Moto wa bluu, sawa. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi. Miaka ishirini hajafa mtu mkononi mwangu."

"Na huu?"

"Huu ulikuwepo na hauonekani. Unaunguza na hauonekani. Nikasema, loh, kitu hiki kimechujwa mbinguni."

Koplo aliandika.

"Mama Stoo alikwambia nini Alhamisi?"

Fundi Pamba alikaa juu ya kigogo. "Alisema, kaka, ya safari hii ni kweli."

"Ukajibu nini?"

"Nikacheka. Nikamwambia, dada, hata sukari yako ni kweli?"

"Naye?"

"Alinishika mkono. Akasema, nakuomba. Sikuwahi kumsikia akisema nakuomba. Ndiyo maana nikapima. Bila hivyo, pipa la duka huwa silipimi, napima ya mitaani tu." Akajipangusa uso kwa kiwiko, vidole visiguse. "Neno lake lilikuwa hapa, na moto wangu hapa. Nikachukua moto wangu."

"Wenzako uliwaambia nini?"

"Hawaulizi. Wananitazama. Jumamosi saa saba, makopo yapo tayari, wananitazama kama siku zote. Nikitikisa kichwa wanamwaga. Nikiinua kidole gumba, wanakunywa."

"Ukainua."

"Hiki hiki. Na plasta yake."

Inspekta alisubiri Koplo afike mwisho wa mstari. "Kwa nini ulisema uongo Jumapili?"

"Unajua nilipoacha pombe nilibaki na nini? Mke alishaondoka. Watoto wamebadilisha namba za simu. Nilibaki na hilo moja, watu kunitazama kwanza kabla hawajafanya kitu. Hapa, na kule shuleni. Mtazameni huyu, aliacha." Akatazama jeneza. "Nikasema Mama Stoo ana mdomo, atajitetea. Mimi nina nini cha kujitetea?"

"Saa nane anasomewa kuua."

"Najua. Toka asubuhi natazama saa."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Inspekta alichukua maelezo mapya aliyoyaandika Koplo, akamsomea neno kwa neno, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Aliweka. Kisha akatazama mfuniko wa jeneza, ambao robo yake ilikuwa bado kavu, haina mng'ao.

"Nikiuacha hivi utakuwa na madoa," alisema.

Inspekta alitazama saa yake. Saa sita na nusu. "Koplo, mpe robo saa."

Koplo alisimama mlangoni. Fundi Pamba akachukua lile tonge, akamaliza robo iliyobaki kwa duara ndogondogo, mkono umetulia kabisa.

*

Simu ya Inspekta kwa mwendesha mashtaka ilichukua dakika tatu. Shtaka la kuua halitasomwa leo. Mama Stoo atatoka, ataripoti kila Ijumaa, na lile la kuacha methanoli kwenye stoo inayoingiliwa ovyo bado litazungumzwa. Fundi Pamba atalala ndani kwa maelezo ya uongo, na kwa hayo mengine mkuu ataamua.

Kaunta ya kituo ilikuwa na askari mmoja mwenye mafua na daftari kubwa. Alikuwa anamrudishia Mama Stoo vitu vyake walipoingia: kanga, simu, funguo za stoo, viatu. Mama Stoo alivihakiki kimoja kimoja, kwa mazoea, akaweka sahihi. Kisha akainua kichwa akamwona aliyesimama kati ya Inspekta na Koplo.

"Amesema?" alimwuliza Inspekta.

"Amesema."

"Mazishi?"

"Yamekwisha. Walimaliza saa sita."

Mama Stoo alitikisa kichwa mara moja. Alijifunga kanga, akaikaza, akaikaza tena. "Ulicheka," alimwambia Fundi Pamba.

"Nilicheka, dada."

"Miaka kumi na minne nimewaandikia uongo," alimwambia Inspekta, si Fundi Pamba. "Mpaka biskuti. Ukweli ulipokuja, nikauandika kwa rangi ileile, kwa brashi ileile. Ningeandika nini tena, afande? Kuna neno gani lingine?"

Inspekta alimsogeza Fundi Pamba mbele, kwenye kaunta.

"Mkanda," askari wa kaunta alisema, akapenga kamasi. "Kamba za viatu. Vya mifukoni vyote hapa." Fundi Pamba alitoa mkanda kwanza. Kamba za viatu zilimshinda. Vidole vyenye plasta havikuweza kufungua fundo. Koplo akainama, kitambi kikimzuia, akamfungulia.

"Mtu wa kupigiwa likitokea jambo?"

"Sina."

"Mke?"

"Sina."

"Mtoto, ndugu, jirani. Mzee, lazima niandike mtu. Daftari haliachi nafasi tupu."

"Nimekwambia sina, baba."

Askari aliinua kalamu, akamtazama Inspekta kama kuomba msaada. Mama Stoo alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo, mgongo kwao, mkono mmoja kwenye fremu. Kisha akarudi mpaka kaunta.

"Niandike mimi."

"Uhusiano?"

Hakumtazama Fundi Pamba. "Dada."

Yule mzee alifungua mdomo. "Usiseme kitu," Mama Stoo alimkatiza. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe." Akamgeukia askari. "Andika na hilo."

"Mama, hapa hakuna mahali pa hilo. Kuna jina na namba ya simu."

"Basi andika namba."

Akaitaja tarakimu moja moja, polepole, akingoja kila moja iandikwe kabla ya kutaja inayofuata.